Maji kwenye mafuta ya ndege

Soweto, Moshi
14 Aprili 2025

Mpendwa Neema,

Salamu za masika. Huku mvua haijakata tangu Jumapili, mlima hatujauona siku ya tano leo, lakini nyumbani wote wazima. Mama anauliza kama mguu umepoa.

Siku ya kipaimara uliniuliza swali, tukaitwa kwenye keki, likakatikia hapo. Ulisema wanafunzi wako wamebishana darasani: kama mafuta ya ndege ni mafuta ya taa tu, kuna nini cha kupima kila siku? Nimelibeba swali hilo wiki mbili, kila nikienda kazini kwenye uwanja wa ndege wa KIA nalo, kila nikirudi nalo.

Wana haki kwa sehemu kubwa. Jet A-1, ndilo jina la mafuta hayo ya ndege, ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa: mchanganyiko wa hidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na hidrojeni, zenye atomi za kaboni 8 hadi 16 hivi, katikati ya petroli na dizeli. Ila mafuta ya taa mwisho wake ni kwenye kibatari, na haya yanapandishwa kilomita 10 au 11 juu, karibu mara mbili ya kilele cha Kibo, ambako hewa hufika nyuzi 50 chini ya sifuri na zaidi. Unajua mafuta ya nazi yanavyogoma kutoka kwenye chupa asubuhi za Julai. Hidrokaboni ndefu zilizonyooka nazo hugoma hivyo hivyo, zinajikusanya kama nta. Kwa hiyo sharti ni kwamba kiwango cha kuganda cha Jet A-1 kisizidi nyuzi -47. Na mvuke wake usishike moto kabla ya nyuzi 38, jambo linaloyatofautisha sana na petroli.

Vipimo hivyo hufanywa na maabara kubwa, nayo mafuta huja na cheti chake. Sisi tunahakikisha kwamba kilichofika ndicho kilichoandikwa. Lita moja kwa nyuzi 15 inatakiwa iwe na uzito kati ya gramu 775 na 840. Tunasoma haidromita, kile kipimo cha uzito kinachoelea ndani ya mafuta, na kipimajoto kwa pamoja, maana mchana wa Februari mafuta yanakuwa na nyuzi 30, kisha tunarudisha hesabu kwenye nyuzi 15. Jibu likipishana na cheti kwa zaidi ya gramu 3 kwa lita, kazi inasimama, kwani huenda mafuta mengine yameingia humo.

Lakini adui ninayemwamkia kila siku ni maji. Huingia na mvua, huingia na unyevu wa hewa, na mengine yamo tayari, yameyeyuka ndani ya mafuta yenyewe bila jicho kuyaona. Mafuta yakipoa, maji hayo hujitenga na kuzama chini ya tangi. Hapo kwenye mpaka wa maji na mafuta huota kuvu wanaokula hidrokaboni, wakaacha utando mweusi wenye ute unaoziba machujio.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuandikia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo kingine kabisa, kulikuwa na tangi lenye kifuniko kilicholegea, na kila mtu alijua, na hakuna aliyekitengeneza. Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi nikafungua bomba la chini, nikajaza chupa ya kioo, nikaiinua kwenye mwanga. Inang'aa. Hakuna uchafu, hakuna mstari wa maji. Nikaandika kwenye daftari: safi. Mzee niliyekuwa chini yake hakunigombeza. Alichukua mafuta kidogo tuliyokuwa na uhakika nayo, akayamimina taratibu kwenye chupa yangu. Yakaelea. Mstari ukajichora pale pale, chini yake peupe, juu yake manjano hafifu kama majani makavu. Chupa nzima ilikuwa maji, Neema. Nilikuwa natafuta mstari kati ya maji na mafuta, na mstari haukuwepo kwa sababu mafuta hayakuwepo.

Ndiyo maana leo siamini jicho peke yake. Tunachukua sirinji, mbele yake tunaweka kapsuli yenye karatasi ya njano, tunavuta mililita 5 za mafuta. Njano ikielekea kijani au bluu, maji yamo, na boza, lori la kujazia ndege mafuta, haliondoki.

Na hata maji kidogo sana yana mambo yake. Tarehe 17 Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing ilipungukiwa nguvu kwenye injini zote mbili ikiwa inakaribia kutua Heathrow, London. Mafuta yake yalipopimwa yalikuwa ndani ya viwango. Yale maji machache ya kawaida yaliganda ndani ya mabomba safarini, barafu ikang'oka kwa mkupuo na kuziba kifaa cha kupashia mafuta joto. Watu 152 walikuwemo, hakufa hata mmoja. Baadaye kifaa hicho kikabadilishwa umbo.

Waambie pia wasihukumu mafuta kwa ukubwa wa ndege. Cessna Caravan unazoziona zikipaa uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Serengeti, zenye pangaboi moja puani, zinatumia Jet A-1. Cessna 172 yenye injini ya pistoni inataka avgasi, jamii ya petroli. Avgasi ya aina ya 100LL hutiwa rangi ya bluu na bado ina madini ya risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, wakati petroli ya magari yenye risasi ilikoma duniani mwaka 2021. Hilo linaniuma.

Kama unataka wajionee, tia mafuta ya taa kwenye chupa ya kioo, mbali na moto, udondoshee matone machache ya maji, tikisa sana, uiache mezani. Itaingia ukungu. Waulize ukungu unaanza kutoweka wapi. Ukungu ukitoweka kuanzia chini kwenda juu, ni hewa inapanda. Ukianza kutoweka juu kwenda chini, ni maji yanazama. Niandikie walichoona.

Ndizi za mama nitampa dereva wa Jumamosi, umpokee stendi.

Wako,
Eliada