Tupime pia mkono usioumia

Mhariri mheshimiwa,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo la milimita mbili tatu, ambalo hata hivyo huamua kama mgonjwa atavutwa mfupa upya au ataachwa apone. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa eksirei, au radio kama tunavyoiita hapa Bukavu, na hakuna kiungo nilichokipiga picha mara nyingi kuliko kifundo cha mkono. Sababu yake kila mkazi wa Kadutu anaijua: mvua ikinyesha miteremko yetu huteleza, na anayeanguka hutanguliza kiganja.

Katika picha hiyo daktari hutazama kwanza radiusi, mfupa wa upande wa kidole gumba. Uso wake wa mwisho huinama kuelekea ulna, mfupa jirani, kwa nyuzi 22 au 23. Ukitazamwa kutoka ubavuni, huinama kuelekea kiganja kwa nyuzi 11 hivi. Hizo ni wastani tu. Kwa watu wenye afya njema mwinamo wa kwanza unaweza kuwa nyuzi 13 au ukafika 30, na ule wa pili unaweza kukaribia sifuri au kupita 20, mwenyewe asihisi lolote maisha yake yote.

Kinachonisumbua zaidi ni tofauti ya urefu kati ya mifupa hiyo miwili. Wako ambao ncha zake zinalingana, wako wenye ulna fupi, na wako wenye ulna ndefu, bila ugonjwa wowote. Siku moja nilimpiga picha motari kijana aliyeanguka na pikipiki yake; radiusi ilikuwa na ufa, na ulna iliizidi kwa milimita 2. Daktari wa zamu aliamini kwamba radiusi imefupishwa na pigo, akataka kuivuta. Mwenzake, mzee wa maswali mengi, aliniomba nipige na mkono wa kushoto, ambao haukuwahi kuumia. Huko nako ulna ilizidi kwa milimita 2. Kijana alizaliwa hivyo. Akafungwa plasta, akarudi nyumbani.

Wasiwasi wa yule daktari wa kwanza haukuwa wa bure. Mifupa hiyo inapolingana, radiusi hubeba karibu asilimia 80 ya mzigo unaopita kwenye kifundo na ulna asilimia 20. Ulna ikirefuka kwa milimita 2.5 tu, sehemu yake hupita asilimia 40. Kwa mama anayeishi kwa kubeba magunia, hilo ni maumivu ya kila siku. Lakini huwezi kusema mfupa umefupika kama hujui ulikuwa na urefu gani kabla ya kuanguka, na shahidi pekee wa hilo ni mkono wa pili.

Nikiri pia kosa langu. Nilikuwa nikipiga picha mgonjwa alivyokaa, kiwiko kimebanwa ubavuni, kiganja kimegeuzwa chini, pengine ngumi imekazwa kwa maumivu. Mkono ukigeuzwa hivyo, radiusi huikatiza ulna, na ulna huonekana ndefu kuliko ilivyo. Ngumi huongeza tena. Inavyotakiwa ni mkono wa juu uinuliwe hadi usawa wa bega, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, kisha kiganja kilazwe mezani bila kukaza. Sikuwahi kuandika kwenye picha mkono ulikaaje, kwa hiyo aliyepima alipima na uzembe wangu.

Vipimo hutofautiana pia kati ya jamii na jamii. Mwaka 1928 Hultén wa Uswidi aliona kwamba wagonjwa wengi wa Kienböck, ugonjwa unaoua mfupa mdogo wa katikati ya kifundo, walikuwa na ulna fupi. Wapimaji wa Japani waliofuata baadaye hawakuuona uhusiano huo kwa watu wao. Vitabu nilivyofundishiwa vilitoka Ulaya, na sioni kwa nini wastani wa huko uwe sheria kwa mchukuzi wa Bukavu.

Ndiyo maana naziomba hospitali zetu zipige mikono yote miwili, kwa mkao mmoja, na kwa ridhaa ya mgonjwa ziandike vipimo vya ule mzima katika daftari pamoja na umri, jinsia na kazi yake. Watoto wawekwe kando, kwa kuwa mifupa yao bado inakua. Mionzi ya picha moja ya kifundo ni kidogo mno. Kinachowatisha wagonjwa wetu ni bei, nami napendekeza picha hiyo ya pili isilipishwe.

Fundi wa radio mstaafu,
Kadutu, Bukavu