Destroya za Tribal: mmesahau kuangalia juu

Mhariri, salaam.

Mi ni fundi injini za boti hapa Tanga na msomaji wenu wa siku nyingi, ile makala yenu ya destroya (manowari ndogo za kasi) za Waingereza za aina ya Tribal, zile za Vita Kuu ya Pili, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimekaa ukingoni nasubiri spea. Nimefurahi sana kuona mambo ya meli yanaandikwa kwa Kiswahili, hilo naanza nalo kabisa. Lakini kuna pahala mmepapita haraka na ndipo penyewe.

Mmeandika vizuri kuhusu mizinga minane, spidi ya noti 36 (maili za baharini 36 kwa saa), halafu nusu nzima ya makala ni Cossack, mojawapo ya meli hizo, kuingia kwenye lile hori jembamba la Norway tarehe 16 Februari 1940 na kuwatoa mabaharia mateka 299 waliofungiwa ndani ya Altmark, meli ya Wajerumani. Sawa, yote kweli. Ila mlipofika kwenye hasara mkasema tu kwamba meli 12 kati ya 16 za Uingereza zilipotea maana vita ilikuwa kali. Hapana jamani. Vita ilikuwa kali kwa wote, ila hizi zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro na watu walikufa kwa kasoro hiyo.

Kasoro yenyewe ni hii. Waingereza katikati ya miaka ya 1930 walikuwa wanaangalia destroya kubwa za Wajapani na wengine wakaona zao ni ndogo, mizinga minne tu, basi wakachora meli ya tani kama 1,850 wakaipa mizinga minane ya inchi 4.7, miwili miwili, na ili nafasi ipatikane topido zikabaki nne tu. Yaani ni meli ya kupigana na meli nyenzake uso kwa uso. Lakini mdomo wa ile mizinga ulikuwa unainuka nyuzi 40 basi, haupandi tena! Ndege ikija juu ya kichwa ni sawa na kutaka kuangua nazi kwa upondo unaoishia katikati ya mnazi, unaiona nazi, nazi inakuona, hamfikiani. Kwa ndege ya karibu walikuwa na pompom (mzinga mdogo wa kufyatua harakaharaka) moja ya midomo minne na bunduki za rashasha, na zile ndege za Wajerumani zinazopiga mbizi toka juu kudondosha mabomu hazikuona hiyo kama kitu cha kuogopa.

Sasa hesabu wenyewe. Gurkha, tarehe 9 Aprili 1940 nje ya Norway, kamanda wake alitoka kwenye kundi ili apate mkao mzuri wa kupiga ndege, akapigwa yeye peke yake huko. Afridi mwezi uliofuata akitoa askari Namsos, hukohuko Norway, ndege. Mashona, Mei 1941, anarudi kutoka kumsaka Bismarck, ile manowari kubwa ya Wajerumani, ndege. Maori kafungwa kamba bandarini Malta, Februari 1942, ndege. Bedouin alikuwa ameshaumizwa na manowari za Waitalia lakini aliyemmalizia ni topido ya ndege. Zulu, Septemba 1942 karibu na Tobruk, ndege. Hizo ni sita, nusu ya zote 12. Na wakubwa waliliona, maana baadaye ule mtambo wa tatu wa mizinga waliung'oa wakaweka ya inchi 4 inayoweza kuelekea juu karibu wima. Hili la kung'oa ndo lilitakiwa kuwa kichwa cha habari chenu.

Najua mtasema na nyambizi je. Ndiyo, Cossack mwenyewe alikufa kwa nyambizi, na Matabele Januari 1942 kule kaskazini ya Urusi, humo walipona watu wawili tu, maji ya kule hayampi mtu dakika nyingi. Na Punjabi alikatwa vipande viwili na manowari kubwa ya kwao wenyewe, King George V, kwenye ukungu. Hayo siyapingi.

Lakini Somali ndiye nataka mmuandike siku moja, namuomba sana Mhariri. Tarehe 20 Septemba 1942 alipigwa topido kwenye chumba cha injini, hakuzama palepale. Ndugu yake Ashanti akamfunga kamba akaanza kumvuta. Somali hana umeme, pampu zimekufa, maji yanaingia, basi wakapitisha waya wa umeme toka Ashanti mpaka Somali, wanaume kwenye kimashua kidogo, kwenye bahari ya barafu, ili pampu zizunguke. Mi nimewahi kuvuta mashua iliyokufa injini toka Wete mpaka Tanga, usiku mmoja tu, na najua kamba inavyolia ikikaza, inakaza halafu inalegea halafu inakaza tena na kila ikikaza unashika roho. Wao walivuta siku nne! Ya nne upepo ukabadilika, Somali akakatika katikati akaenda, na wengi waliobaki ndani walikwenda naye. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Na majina hayo mngeyagusa. Zulu, Somali, Nubian, Mashona, Matabele, Ashanti, haya ni majina ya watu wa bara hili, msomaji wa Kibera au Bombo, wanakoishi Wanubi, akiliona neno Nubian lazima macho yake yasimame. Ashanti mwaka 1939 alifika Takoradi, wakati huo Gold Coast, leo Ghana, na machifu wa Waashanti wakapanda melini wakaipa kengele ya fedha na ngao ya dhahabu. Hiyo ni habari ya kwetu kabisa, mngeipa hata mistari mitatu.

Waliopona ni wanne, Ashanti, Eskimo, Nubian na Tartar, na wawili kati yao waliwahi kuraruliwa vibaya, Eskimo omo (mbele) lote lilikatika Narvik kule Norway, Nubian tezi yake, yaani nyuma, ikaenda kule Krete, wote wakatengenezwa wakarudi kazini. Hao watatu, Tartar, Eskimo na Nubian, mwaka 1945 walikuwa wanapigana huku Bahari ya Hindi upande wa Sumatra. Vita ilipoisha wote wanne wakauzwa chuma chakavu.

Leo kati ya 27 zote, ukihesabu za Kanada na Australia, imebaki moja, Haida, ipo Hamilton, Ontario, watu wanaingia kuiangalia. Wasomaji wenu mlio nao kule Kanada waombeni waende, wapande mpaka mbele kwenye mtambo wake wa mizinga ya inchi 4, wapige picha ukiwa umeelekezwa juu, mtuwekee kwenye toleo lijalo.

Msomaji wenu,
Tanga