Mkeshia si mti wa kaya

Mhariri,

Kikundi cha vijana kilikuja kitaluni kwangu hapa Kisauni kutaka miche ya mkeshia, wakaipande kwenye kaya moja, yaani msitu wa jadi wa Wamijikenda, iliyoingiliwa na wakata miti. Sikuwauzia. Nia yao ilikuwa njema, ila wameambiwa kwamba ule ni mgunga, mti wa asili wa Pwani, na maneno hayo nayasikia kwa wengi. Naomba nafasi nieleze.

Mgunga una miiba. Mkeshia wa vitaluni, Acacia auriculiformis kwa jina la kitaalamu, hauna mwiba hata mmoja. Na kile mnachokiona kuwa jani si jani hasa, ni kikonyo kilichotanuka kikawa bapa na kupinda, urefu wake hufika sentimita 20. Anayebisha na aje autazame mche ungali kwenye kiriba: majani ya kwanza ni vijani vidogo vidogo pande mbili za uti, yakaribiana na ya mkwaju. Kisha vikonyo huanza kupanuka, vijani vikabaki nchani tu, mwishowe vikatoweka kabisa. Nimeotesha miti ya kila aina, na huu bado hunisimamisha nikautazama. Ukikomaa hutoa vishada vyembamba vya maua ya njano, halafu maganda yanayojisokota mpaka yakafanana na sikio. Ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imeshikwa na uzi wa rangi ya machungwa.

Kwao ni kaskazini mwa Australia, Papua New Guinea na Indonesia. Huko humea kando ya mito na nyuma ya mikoko, penye mchanga na udongo duni. Ndiyo maana Mombasa haiusumbui. Mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hustawi hata kwenye timbo lililochimbwa likaachwa. Ukitaka kuni shambani kwako, panda, na miche ninayo. Karibu na nyumba sikushauri, matawi yake huvunjika upesi kusi likivuma.

Lakini kaya! Misitu ile imetunzwa na wazee wa Kimijikenda vizazi na vizazi, na mwaka 2008 UNESCO iliitia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mkeshia hukua mbio, majani yake makavu yakarundikana chini na kuchelewa kuoza. Mche wa mbambakofi, mti wa asili usio na haraka, utapenya wapi hapo? Tena mbegu za mkeshia ni ngumu, sisi huzimwagia maji ya moto ndipo ziote. Hata mti ukikatwa, mbegu zitabaki ardhini zikingoja.

Anayetaka kuziba pengo la kaya na awaendee wazee wenyewe, aombe ruhusa ya kuokota mbegu humo humo. Akiniletea, nitaziotesha bila malipo.

Mwenye kitalu,
Kisauni, Mombasa