Wauza geji watuandikie omu na bar

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wauza vipuri na mafundi umeme wa magari, hasa wanaohudumia Hilux na Land Cruiser za miaka ya 1980 zilizoongezewa geji ya presha ya oili, ile ya duara ya milimita 52. Geji hiyo ikigoma, mteja huuziwa kichwa kipya (kile chenye sindano, kwenye dashibodi) au sensa mpya (kile kinachofungwa kwenye injini kuhisi presha), chochote kilichopo rafuni, na kuambiwa "hii inaingia gari lolote". Kuingia inaingia. Kusoma sawasawa ni jambo jingine, kwa sababu kichwa na sensa ni pete na kidole.

Sensa za kawaida za VDO, kampuni ya Kijerumani, huwa na omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri, zikapanda hadi karibu 180 presha inapofika mwisho. Za Kimarekani huenda kinyume: 240 kwenye sifuri, 33 mwishoni. Zikichanganywa, sindano hukaa juu kabisa injini ikiwa imelala, kisha hushuka ikiwashwa. Hapo kichwa kizuri hutupwa jalalani.

Kabla ya kwenda dukani, zima injini, chomoa waya wa sensa, upime kwa multimita kati ya ncha yake na bloku: karibu na 10 ni VDO, karibu na 240 ni ya Kimarekani. Kama sensa ndiyo iliyokufa, kiulize kichwa. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, huku waya umechomolewa: sindano ikikimbilia mwisho ni VDO, ikilala sifuri ni ya Kimarekani. Gusisha waya kwenye bodi mara moja, na sindano igeukie upande wa pili. Isipogeuka, tatizo liko kwenye waya au kichwa chenyewe.

Hata VDO kwa VDO kuna mtego. Sensa ya bar 5 na ya bar 10 (bar ni kipimo cha presha) zina omu zilezile. Ukifunga ya bar 10 kwenye geji ya bar 5, presha ya bar 4 itasomeka 2, na mwenye gari ataambiwa pampu ya oili imechoka. Injini zinafunguliwa bure kwa kosa hili, wakati namba imegongwa kwenye sensa na hakuna aliyeisoma.

Sensa yenye ncha mbili ina herufi G na WK. G ni ya geji, WK ni ya taa ya onyo. Waya wa geji ukiwekwa WK, sindano itaruka hadi mwisho mara injini inapowaka na kuganda hapo.

Halafu nyuzi za skrubu zinazofungia sensa kwenye bloku. Toyota hutumia 1/8 ya BSP (kipimo cha Kiingereza) iliyochongoka, nyuzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Kimarekani ni 1/8 NPT (kipimo cha kwao), nyuzi 27. Kwa macho ni mapacha. Ya NPT hushika mizunguko michache kisha hukaza. Ukilazimisha kwa spana unaharibu nyuzi za bloku, na hiyo si hasara ya sensa tena. Tumia adapta. Msizungushie pia tepu nyeupe tabaka kwa tabaka: sensa ya ncha moja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia nyuzi zake, na tepu nyingi huikata. Wanaotundika sensa nzito kwenye kiungo cha T cha shaba juu ya injini inayotetemeka wajue kiungo kinaweza kupasuka na kumwaga oili. Afadhali bomba laini la kuhimili presha, sensa ifungwe kwenye bodi na ivutiwe waya wake wa ethi.

Wauzaji, bandikeni kikaratasi kwenye kila boksi: omu za mwanzo na mwisho, bar, nyuzi, na kama ni volti 12 au 24. Na mteja akija na kichwa pekee, mrudisheni akachomoe sensa.

Fundi umeme wa magari,
Arusha