Jumamosi tunachora tope la Hanang
Jamani habari zenu, Jumamosi saa nne asubuhi palepale pa siku zote, safari hii tunachora ile tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka toka mlima Hanang likaingia mji wa Katesh kule Manyara, Tanzania, likaua watu, ila hatuchori nyumba wala watu wala miti, ni rangi na mikwaruzo tu, dhahania kabisa. Wenye ndugu kule wanaelewa kwa nini, sura za marehemu hatuzichezei. Udongo nimeshauchekecha, tutauchanganya na gundi ya mbao ndo tupake kwenye kanvasi, ukiweka mzito sana unapasuka ukikauka na mi naona hiyo mipasuko ndo picha yenyewe. Vaeni nguo za kuchafua. Dada wa chai, sukari usisahau kama juzi 😅