Mdogo wangu, mwagilia kwanza

Mbukwa, mdogo wangu, nakusalimu kwa Kigogo chetu.

Juzi ulinipigia saa tano usiku, nikajua hulali. Tangu wosia wa baba mdogo usomwe siku ya kuanua matanga, simu yako imekuwa kama ya mheshimiwa. Kila anayepiga ana wazo la biashara. Mmoja anataka ununue bajaji mbili. Mwingine anasema uza kiwanja cha Ihumwa, huko Dodoma, leo leo kabla bei haijashuka; wa tatu anasema bei ndiyo kwanza inapanda, jenga nyumba ya wageni. Na yule rafiki yako wa mnadani Msalato kakushauri ukopeshe watu kwa riba, yaani ukoo wetu nao utoe kausha damu wake. Nilicheka, halafu nikakasirika.

Naandika hadharani kwa sababu jambo hili si lako peke yako. Jina lako nimelificha. Ndugu watakaojitambua humu, shikamooni.

Nani alijua baba mdogo ana kitu? Mtu wa koti moja na baiskeli. Tulimchangia mpaka nauli ya kwenda hospitali. Kumbe ile mizabibu ekari mbili pale Mpunguzi, ambayo sote tulidhani anaitunza kwa niaba ya mtu, ni yake. Na kiwanja, na milioni 23 benki. Vyote kakuandikia wewe uliyekuwa ukimpelekea maji ya kuoga miaka minne. Nadhani kinachokunyima usingizi si hesabu. Unajisikia kama umelipwa kwa kitu ulichokuwa unakifanya bure.

Mimi yalinikuta, unakumbuka. Nyumba ya baba ilipouzwa nikapata milioni 9, na haikupita wiki ya tatu nikawa na gari la abiria, Noah ya mkononi, maana niliona aibu kukaa na hela zimelala. Hesabu ya dereva ilikuja vizuri mwezi wa kwanza, wa pili ikaja na hadithi, na wa saba giaboksi ikafa. Leo ukija nyumbani utaikuta nyuma ya choo, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma. Mayai ni mazuri, siwezi kulalamika.

Sasa sikiliza. Hizo hela si zako bado. Wosia peke yake haufungui akaunti. Ukoo ulishapendekeza msimamizi wa mirathi, na mpaka Mahakama ya Mwanzo imteue, hakuna wa kuuza wala kugawa. Akishateuliwa ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na hesabu za mgawanyo, zile wanazoita Fomu namba 5 na namba 6. Msimamizi si mrithi, hata kama ni mkubwa wetu sote na anaongea kwa sauti. Na kadi ya benki ya marehemu, ile ambayo binamu aliulizia namba yake ya siri hata kaburi halijakauka, ifunge kwenye bahasha umkabidhi msimamizi mbele ya mashahidi. Hiyo ni kesi inayotafuta mtu.

Madeni ya marehemu yanatangulia urithi. Shangazi akisema alilipia dawa, asikilizwe vizuri na alete risiti zake kwa msimamizi. Usimjibu kwa ukali, ni shangazi yetu.

Kuhusu kiwanja sina mengi. Karatasi aliyoacha ni barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, ya enzi za CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu Dodoma, na CDA ilivunjwa mwaka 2017, mambo yake yakaenda halmashauri. Msimamizi aende ofisi ya ardhi ya jiji aulize kama jina la marehemu lipo na pango la ardhi limelipwa mpaka lini. Kabla ya hapo, anayekutajia bei anakutajia ndoto yake.

Ninachotaka kukueleza hasa ni kile kilichokuwa kwenye sanduku la bati. Wewe uliangalia bahasha, mimi niliangalia chini yake. Kulikuwa na mkasi wa kupogolea umefungwa kwenye kipande cha kanga, umepakwa grisi, na daftari la kurasa 96 lenye jalada la bluu. Kila msimu kaandika: siku ya kupogoa, dawa ya ugonjwa wa ubwiri unga, vibarua wangapi, kilo ngapi zimetoka. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, bila kuruka. Na karibu kila mavuno ameandika neno moja pembeni ya bei: “nimekubali”.

Neno hilo limenikaa. Zabibu zikiiva hazisubiri. Mnunuzi mwenye lori anajua, naye anataja bei akiwa hata hajashuka garini. Wanaomkatalia ni wale wenye matangi, wanaozikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa watengeneza mvinyo baadaye. Baba mdogo alikuwa na milioni 23 na hakununua tangi hata moja. Sijui alikuwa anaogopa nini, labda sisi.

Kwa hiyo mirathi ikiisha, mimi ningefanya hivi, na wewe una haki ya kukataa. Sehemu kubwa ningeiweka hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali. Unaanzia milioni 1, na riba inaingia kila miezi sita, nayo mara mbili kwa mwaka kama zabibu. Sehemu ndogo matangi. Bajaji hapana. Ihumwa iache ilale, ila usiisahau kabisa, kwa sababu kiwanja kisichoendelezwa kinaweza kufutiwa miliki.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Huu ni Julai, upepo unakausha kila kitu, na mavuno ya Agosti yako juu ya waya sasa hivi. Ndege wameshaanza. Mzee wa jirani anasema shamba halijapata maji siku tisa. Vibarua wawili waliopogoa bado wanadai. Wamo kwenye daftari ukurasa wa mwisho, mwoneshe msimamizi, na mwombe ruhusa ya kumwagilia. Hawezi kukataa, ni mali ile ile anayotakiwa kuitunza.

Pampu iko kwenye kibanda, ufunguo upo kwa jirani. Ile kamba ya kuwashia ni korofi: vuta mara mbili polepole, ya tatu kwa nguvu. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, mkasi ninao mimi.

Dada yako.