Zuhura, hayo madirisha yafunge

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi wazima, Mama Tatu anakusalimu na bado anadai sufuria lake. Mswada wa mchezo wako nimeumaliza, na Sefu ananiambia mazoezi yanaanza wiki ijayo, ndiyo maana naandika mbiombio. Usimgawie mtu maneno kwanza.

Martha wako umemweka kiwanda cha pamba cha Loray, Gastonia, North Carolina, Marekani, mwaka 1929. Vizuri sana. Ila unamwita msokotaji halafu unamkalisha kwenye mtambo wa kufumia! Hizo kazi mbili, vyumba viwili, na kwenye kusokota hakuna anayekaa. Msokotaji hutembea. Upande mmoja wa mashine una bobini zaidi ya 100, naye anapewa pande sita, nane, wakati mwingine zaidi, anazunguka kutwa akiwinda uzi uliokatika.

Uzi ukikatika mashine haisimami. Pamba inaendelea kutoka kwenye rola. Akichelewa, inajiviringisha humo ikawa donge, au inarukia nyuzi za jirani nazo zikakatika. Basi anaibana bobini isizunguke, anatafuta ncha ya uzi, anaipitisha kwenye kile kipete kidogo cha chuma, anaipandisha hadi kwenye rola na kuigusisha pamba inayotoka, anaachia. Msokoto unapanda wenyewe na kuunga. Mwambie mwigizaji afanye hivyo mfululizo huku akisema yale maneno uliyomwandikia, utaona mwenyewe ni mengi mno. Halafu kelele! Walisomana midomo na kupeana ishara. Ule wimbo wa kina mama uhamishie barazani, jioni.

Sasa madirisha. Ukurasa wa nne Martha anafungua dirisha apunge hewa. Hafungui. Pamba ikikauka uzi unakatikakatika, kwa hiyo madirisha yalifungwa na mabomba ya juu yakapuliza ukungu wa maji humo ndani. Joto, jasho, na vumbi la pamba linalonata kwenye nywele mpaka watu wa mjini wakawabandika jina la vichwa vya pamba. Atakayefungua dirisha anaharibu kazi ya chumba kizima.

Kikohozi nacho umekiweka Ijumaa. Kiweke Jumatatu. Ugonjwa wa vumbi la pamba ndivyo ulivyo: mtu akipumzika Jumapili, Jumatatu kifua kinabana kuliko siku zote, halafu kinalegea kidogo kadiri wiki inavyokwenda. Ukishakomaa ndipo siku zote zinakuwa sawa. Vumbi baya zaidi ni la chumba cha kuchambulia pamba, kwa hiyo kama unataka mtu wa kufa, mtoe huko.

Kwa nini Martha haachi kazi? Umemwandikia hotuba ndefu kuhusu mapenzi. Yaache mapenzi. Nyumba ni ya kiwanda, kodi inakatwa kwenye mshahara, na viwanda vingi vilitaka kila nyumba itoe mfanyakazi kwa kila chumba. Binti akikua anahesabiwa. Ukiacha kazi umeacha na paa. Pale Loray wafanyakazi walishapunguzwa kutoka kama 3,500 hadi 2,200, waliobaki wakaongezewa mashine, na mgomo ulipoanza tarehe 1 Aprili familia zikaja kutolewa vyombo nje, zikaishi kwenye mahema. Hapo ndipo penye mchezo, siyo kwa yule mchumba wake anayetoka mji wa Charlotte.

Ella May Wiggins, yule mgomaji wa kweli, hakuwa wa Loray. Alisokota Bessemer City, mji wa jirani, zamu ya usiku. Wanawe wanne walikufa kwa kifaduro. Alieleza kwamba aliomba zamu ya mchana apate kuwauguza, akakataliwa. Alipigwa risasi tarehe 14 Septemba 1929, akiwa kwenye lori na wenzake wakielekea mkutanoni. Aliishi kati ya majirani weusi na kuwavuta kwenye chama cha wafanyakazi, jambo ambalo wengi hawakumsamehe. Kwa hiyo yule Dorcas, mweusi, usimsimamishe mashineni bega kwa bega na Martha. Kusokota na kufuma zilikuwa kazi za weupe hadi miaka ya 1960. Dorcas angekuwa jikoni kwa Martha, anapika na kulea mtoto, analipwa kutoka mshahara uleule mdogo. Nadhani hapo utapata onyesho zuri kuliko... basi, wewe ndiye mwandishi.

Haya, nijibu. Nani anacheza Martha, siyo tena yule wa mwaka jana? Kelele za mashine mtazitoa wapi, na jukwaa lina mvuke au mtapaka watu maji tu? Bi Rehema bado yumo au kagombana na Sefu? Na ukihamisha wimbo barazani, ukurasa wa nne utaweka nini?

Wako,
Asha